Mdhamini asiyelazimika kuhesabu mali: makabila ya Marekani, serikali yao na kesi za maji

Mleta mada

Wakuu, salaam. Tarehe 22 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba serikali ya nchi hiyo haina wajibu wa kisheria wa kuchukua hatua ya kuwapatia maji Wanavajo, moja ya makabila ya Wamarekani wa asili, ingawa mahakama hiyo hiyo haikukana kwamba Wanavajo wana haki ya maji na kwamba serikali ndiyo inayoishika haki hiyo kwa amana. Nimeisoma hukumu hiyo pamoja na maoni ya majaji waliopinga, na kila nikirudia nakwama mahali pale pale: haki ipo, mwenye nayo anajulikana, mwenye kuishika anajulikana, lakini aliyeishika halazimiki kueleza ni kiasi gani wala iko wapi. Ningependa tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa habari zetu hulitaja kwa mistari miwili kisha zikaliacha.

Kwanza niweke maneno sawa. Maeneo waliyobakiziwa Wamarekani wa asili wengi wetu huyaita "hifadhi", na msomaji akawaza Serengeti. Mimi nitasema ardhi ya kabila. Pili, Wizara ya Mambo ya Ndani itakayotajwa hapa si ya polisi na magereza kama yetu. Kule ndiyo inayosimamia ardhi ya umma, miradi ya mabwawa na mifereji ya wakulima, na pia mambo ya makabila, vyote chini ya waziri mmoja. Hilo la waziri mmoja mliweke akilini, maana ugomvi wote umezaliwa hapo.

Katika majimbo makavu ya magharibi maji hugawanywa kwa kutangulia. Aliyeanza kuchepusha mto mwaka 1880 huchukua fungu lake lote kabla aliyeanza mwaka 1890 hajapata hata ndoo, na anayeacha kuyatumia kwa muda mrefu huweza kunyang'anywa. Kwa kanuni hiyo makabila yangekuwa ya mwisho kwenye foleni, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na mitaji ya kujenga mabwawa wakati walowezi wakijenga. Kilichowaokoa ni kesi ya Winters ya mwaka 1908. Miaka 20 kabla yake, makabila ya Gros Ventre na Assiniboine ya Montana yalikuwa yameachia sehemu kubwa ya nchi yao na kubaki na eneo la Fort Belknap, linalopakana na mto Milk upande wa kaskazini. Walowezi wa upande wa juu wakauchepusha mto, na ukame wa mwaka 1905 ulipobisha hodi, mifereji ya kabila ikabaki mikavu. Serikali iliwashtaki walowezi hao kwa niaba ya makabila na ikashinda. Jaji Joseph McKenna aliandika kwamba ardhi ile bila ya kumwagiliwa haikuwa na thamani, kwa hiyo haiingii akilini kwamba watu walikubali kubaki nayo huku wakiyaacha maji yanayoifanya ikalike.

Kutoka hapo yakapatikana mambo mawili makubwa. Haki ya maji ya kabila huhesabiwa kuanzia siku ardhi yake ilipotengwa, si siku lilipochimba mfereji. Tena haipotei kwa kutotumiwa. Mwaka 1963, katika kesi ya Arizona dhidi ya California, mahakama ikaongeza kipimo: kabila hupewa maji ya kutosha ekari zote zinazoweza kumwagiliwa kwa vitendo. Kwa kipimo hicho makabila matano ya upande wa chini wa mto Colorado yalipata karibu ekari-futi 900,000 kwa mwaka. Ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, yaani zaidi kidogo ya lita milioni 1.2.

Kwa hiyo kwenye karatasi, makabila yale ni matajiri wa maji.

Mchangiaji kutoka Tanga

Mkuu, nimekufuatilia vizuri, lakini hapo mwisho umeniacha. Ikiwa haki yao ni ya zamani kuliko ya walowezi na haifi kwa kutotumiwa, ni nini kinachowazuia kwenda kuyachukua maji yao? Au ndiyo yale yale ya kushinda kesi ya kiwanja na kumkuta aliyeshindwa amekwisha kuezeka?

Mleta mada

Mfano wako uko karibu sana na ukweli. Nitakupeleka Nevada, kwenye Ziwa Pyramid, kwa sababu ndiko mambo haya yanakoonekana waziwazi kuliko kwingine kote.

Ziwa hilo liko ndani ya ardhi ya Wapaiute, ambao wenyewe hujiita Kuyuidokado, yaani walaji wa kui-ui, samaki asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mto Truckee ndio unaolijaza. Unashuka kutoka Ziwa Tahoe, unapita mji wa Reno na kuishia humo, kwa kuwa ziwa halina njia ya kutokea baharini. Mwaka 1905 serikali ilikamilisha bwawa la Derby na kuanza kuhamishia sehemu kubwa ya mto huo kwenye bonde lingine, kwa wakulima wa mradi wa Newlands. Ziwa likaanza kunywea. Kwa miongo iliyofuata lilishuka kiasi cha mita 24, na jirani yake, Ziwa Winnemucca, lilikauka kabisa. Kwenye mdomo wa mto pakajitokeza fungu la mchanga, na samaki waliokuwa wakipanda mtoni kutaga mayai hawakuweza tena kuvuka. Samaki wakubwa aina ya trauti wa ziwa hilo, ambao watu walisafiri kutoka mbali kuja kuwavua, walikuwa wametoweka kufikia miaka ya 1940.

Sasa njoo mahakamani. Mwaka 1913 serikali ilifungua kesi ya kugawanya maji ya mto Truckee, inayojulikana kama kesi ya Orr Ditch. Katika kesi hiyo moja serikali iliombea maji Wapaiute, na iliombea maji mradi wake wa Newlands, ule ule uliokuwa ukilikausha ziwa. Hukumu ya mwisho ilitoka mwaka 1944. Wapaiute walipewa haki ya mwaka 1859, ya kwanza kabisa mtoni, lakini kwa kiasi cha ekari-futi 30,000 hivi za kumwagilia ekari zisizofika 6,000. Kwa ajili ya ziwa na samaki hawakupewa kitu. Watu wanaojiita walaji wa kui-ui waliombewa maji ya kulimia, na samaki hakutajwa. Wakili wao hakuwa mzembe wala hakula rushwa; alikuwa tu na mteja mwingine kwenye chumba hicho hicho.

Mwaka 1972 Jaji Gerhard Gesell aliona kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa amevunja wajibu wake, kwa sababu aliyagawa maji kwa kutafuta suluhu ya kumridhisha kila mtu wakati alitakiwa kutetea kwanza haki za kabila. Mwaka uliofuata serikali yenyewe ilirudi mahakamani kuliombea ziwa maji. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1983 majaji wote, kwa kalamu ya Jaji Rehnquist, wakasema jambo hilo limekwisha kuamuliwa tangu mwaka 1944 na halifunguliwi tena. Kuhusu wakili wa pande mbili, jibu lilikuwa kwamba Bunge ndilo lililoibebesha serikali mizigo yote miwili, kwa hiyo haiwezi kupimwa kwa kipimo cha mdhamini wa kawaida asiyeruhusiwa kuwa na maslahi mawili.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu yangu, hapo kwenye mdhamini wa kawaida nina neno. Sisi wa Pwani jambo hili tunalijua kwa jina la wasii. Baba amefariki, ameacha watoto wadogo na shamba la minazi, na ami yao amewekwa kulishika mpaka wakue. Huyo ami haruhusiwi kujinunulia shamba lile kwa bei ya kujipangia, wala kuchotea kisima cha mayatima kumwagilia shamba lake. Watoto wakibaleghe wakamwuliza, "Ami, minazi ni mingapi?" hawezi kuwajibu kwamba wosia ulimtaka aishike minazi, haukumtaka aihesabu. Kwa kadhi atafika na jibu hilo, na atarudi nyumbani na aibu. Naomba wanasheria waliomo humu watueleze, hao majaji watano wamepita njia gani hata wakafika walikofika?

Mchangiaji, wakili

Nitajaribu kuwatendea haki, maana si majaji wapumbavu na hoja yao ina mantiki yake.

Sheria ya Marekani inatofautisha kati ya serikali kuwa na "uhusiano wa amana" na makabila kwa jumla, na serikali kuwa na wajibu mahususi unaoweza kudaiwa mahakamani. Tangu kesi za Mitchell za mwaka 1980 na 1983, kabila linalodai fidia halina budi kuonesha sheria au mkataba wenye maneno yanayoibebesha serikali kazi fulani. Katika kesi ya kwanza Mitchell alishindwa kwa sababu sheria aliyoitegemea ilitaja amana bila ya kazi. Katika ya pili alishinda kwa sababu alileta sheria na kanuni zilizoeleza kwa kina jinsi serikali inavyopaswa kusimamia misitu ya kabila. Kesi ya Jicarilla ya mwaka 2011 ilikaza zaidi: serikali si wasii wa kawaida, ni mamlaka inayotekeleza sera yake, na hujifunga kwa yale tu iliyoyakubali waziwazi.

Wanavajo hawakudai fidia. Walidai serikali iamriwe kutathmini mahitaji yao ya maji na kuandaa mpango wa kuyatimiza. Hoja yao ilisimama juu ya mkataba wa mwaka 1868, uliowarudisha kwao baada ya kuswagwa kwa miguu mwaka 1864 hadi Bosque Redondo, mahali ambapo maji yalikuwa ya magadi na mazao hayakustawi. Mkataba huo unawaahidi makazi ya kudumu, mbegu na zana za kilimo. Jaji Kavanaugh, kwa niaba ya walio wengi, alisema mkataba ulitenga ardhi na, kwa kanuni ya Winters, maji yake. Lakini hauna sentensi inayoitaka serikali kuchukua hatua za kuyapata maji hayo, na si kazi ya majaji kuiandika sentensi hiyo leo.

Bwana wa Mombasa, kwa lugha yako: mahakama imekubali kwamba minazi ni ya watoto. Imekataa tu kwamba ami ni wasii wa aina ile unayoijua wewe.

Mleta mada

Nashukuru, wakili. Naongeza yale ambayo Jaji Gorsuch aliyaweka katika maoni ya kupinga, akiungwa mkono na Sotomayor, Kagan na Jackson, kwa sababu ndiyo yanayonikera zaidi.

Wanavajo hawakuamka usingizini mwaka 2003 walipofungua kesi hii. Katika kesi kubwa ya Arizona dhidi ya California waliona kwamba serikali, iliyosema inawawakilisha, haikuyadai maji ya mto Colorado wenyewe kwa ajili yao. Wakaomba kuingia katika shauri wajisemee, na serikali ikapinga wasiingie kwa hoja kwamba wakili wao yumo tayari. Hukumu ikatoka bila ya fungu lao kutoka mto ule kuwekwa wazi. Miaka 60 baadaye serikali ile ile inasimama na kusema hailazimiki hata kuwaeleza inawashikia maji gani. Gorsuch alifananisha hali hiyo na mtu aliyezungushwa madirisha ya ofisi ya leseni za magari, kila dirisha likimwelekeza dirisha jingine. Nadhani hakuna msomaji wa humu anayehitaji kufafanuliwa mfano huo.

Nchi yenyewe ya Wanavajo inapakana na mto Colorado. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya kaya hazina maji ya bomba. Mtu hupakia pipa au tangi nyuma ya pikapu, anaendesha hadi kwenye kituo cha maji, anapanga foleni, anajaza na kurudi. Mkazi wa kawaida hutumia galoni 7 kwa siku, wakati wastani wa nchi nzima ni kati ya galoni 80 na 100. Galoni 7 ni dumu la lita 20 na chupa chache juu yake, kwa kunywa, kupika, kufua na kuoga. Visima vingine vya mifugo vilivyo karibu havifai, kwa kuwa uchimbaji wa urani uliacha sumu ardhini.

Mchangiaji kutoka Machame

Kaka, nimeusoma uzi huu usiku nikamkumbuka marehemu baba, aliyekuwa akishika zamu za mfongo wetu. Usiku anatoka na tochi na jembe, anatoa majani na mawe kwenye banio, anayaelekeza maji kwa mwenye zamu, na asubuhi kila nyumba inajua nani alipata na nani ameiba. Mifereji ile ilikuwapo kabla ya Mjerumani. Siku moja tuliambiwa tunahitaji kibali; tulipokwenda kukiomba tukarushwa kutoka meza moja hadi nyingine kwa miezi, huku shamba kubwa la chini yetu likichota tu.

Sitaki kuuhamisha uzi kutoka Marekani. Nataka tu kukumbusha kwamba Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma na yamewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Neno ni lile lile, mdhamini. Tofauti ni kwamba sisi hatuna mkataba wa mwaka 1868 wa kusimama nao, ila tuna sheria iliyoandikwa na Bunge letu wenyewe, na sijawahi kuona ikitafsiriwa mpaka mwisho wake.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Naomba nisimame upande usiopendwa. Mto Colorado hauongezeki kwa hukumu. Mwaka 1922 majimbo saba yaligawana maji kwa hesabu za miaka ya mvua nyingi, na leo mto unatoa pungufu ya walichogawana. Majaji wangeiamuru serikali iwatafutie Wanavajo maji, yangetoka kwa nani? Kwa wakulima ambao babu zao waliletwa pale na serikali hiyo hiyo, au kwa watu wa mji wa Phoenix ambao hawakumdhulumu mtu. Kugawa kitu kisichotosha ni kazi ya waliochaguliwa, na Kavanaugh alisema hivyo hivyo. Mimi sioni kosa lake.

Mleta mada

Hoja yako ni nzito na siipuuzi, lakini angalia kilichoombwa. Hawakuomba mfereji wala fungu la mtu wa Phoenix. Waliomba hesabu na mpango. Hesabu haichukui maji ya mtu. Inachofanya ni kuweka wazi kwamba wengine wanatumia maji ambayo huenda si yao, na nadhani hilo ndilo lililoyatia majimbo hofu hadi yakaingia kwenye kesi. Tena ule mkataba wa mwaka 1922 ulioutaja una kifungu kinachosema hakuna lililomo litakalogusa wajibu wa serikali kwa makabila. Waligawana mto mzima, kisha wakaandika kwamba wajibu kwa makabila uko pale pale, bila ya kuwaalika wenyewe mezani.

Vilevile mlango haujafungwa kabisa. Wapaiute, baada ya kushindwa mwaka 1983, walinusurika kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia: kui-ui alikuwa kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na mahakama za chini zikaruhusu maji ya bwawa la Stampede yatumike kumnusuru. Samaki alipata ulinzi ambao watu wake waliukosa. Mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria ya suluhu ya mto huo. Huko Utah nako, kabila la Ute lina sheria ya mwaka 1899 inayomtaka waziri awalindie maji wanayohitaji kwa sasa na kwa siku za mbele, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba maneno hayo yanaweza kuwa msingi wa madai. Wakili alituambia kwamba kila kitu kinategemea maandishi. Hawa wameyapata maandishi.

Mchangiaji kutoka Tanga

Mkuu, na hizo suluhu za Bungeni zina faida yoyote, au ni karatasi juu ya karatasi?

Mleta mada

Inategemea pesa. Tangu suluhu ya Ak-Chin ya mwaka 1978, Bunge limepitisha zaidi ya 30, na makabila huyatofautisha maji ya karatasi na maji ya kulowanisha mkono, kwa sababu suluhu bila ya fedha za mabomba haimfikishii mtu hata dumu moja. Wanavajo, Wahopi na Wapaiute wa Kusini wa San Juan waliidhinisha suluhu yao mwezi Mei 2024, na inahitaji dola bilioni 5 hivi kutoka Bungeni.

Iliyofika mbali ni ya Jamii ya Gila River huko Arizona. Hao walikuwa wakulima wa mifereji kwa karne nyingi kabla ya walowezi kuukausha mto wao kutoka juu kuanzia miaka ya 1870 na kuwaachia njaa. Kwa sheria ya mwaka 2004 wana haki ya ekari-futi 653,500 kwa mwaka, na sehemu ya maji hayo huikodisha kwa miji ya jirani. Ukame ulipobana na Ziwa Mead, bwawa kubwa la mto Colorado, kushuka, serikali iliwaendea mwaka 2023 na kukubali kuwalipa dola milioni 50 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, ili waache hadi ekari-futi 125,000 kila mwaka ndani ya ziwa hilo bila ya kuzitumia.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Kwa hiyo hao minazi yao ilihesabiwa.

Mleta mada

Ilihesabiwa, ami akalipa. Ila kesi yao ya mto Gila ilikuwa imefunguliwa mwaka 1925.